Nyayo Nyuma ya Ukuta

Kuna jambo ambalo wachezaji wengi wa michezo ya kupiga risasi kwa simu hawalijui, na ukiwaambia wanakasirika: simu yako inajua adui alipojificha kabla wewe hujamwona. Inajua yuko nyuma ya ukuta gani na kama amesimama au amechuchumaa. Lazima ijue. Seva, ambayo pengine iko Ulaya au Ghuba, inaituma habari hiyo mapema ili jamaa akitokeza kwenye kona, simu imchore papo hapo. Ukuta unaouona ni picha tu, imechorwa juu ya ukweli ambao tayari uko mkononi mwako. Mwizi hafanyi muujiza wowote. Anaambia simu yake isichore huo ukuta.

Nayasema haya kama refa. Mimi na marafiki watatu tunaendesha ligi ndogo ya mchezo mmoja wa simu ambao sitautaja jina, na ukisoma hadi mwisho utaelewa kwa nini. Tulianza 2021, wakati kafyu ya korona ilikuwa inatuingiza nyumbani mapema na hakukuwa na kingine cha kufanya ila kumaliza bando ya usiku. Wachezaji 32, kila Jumamosi, kiingilio shilingi 100 kwa M-Pesa. Mshindi 2,000, wa pili 800, na ile 400 inayobaki ni bando ya marefa. Hesabu iko wazi kwenye grupu na hakuna mtu amewahi kuilalamikia. Kwa miezi mingi shida yetu kubwa ilikuwa stima kupotea katikati ya nusu fainali.

Kisha jamaa mmoja anayeuza kava na chaja mjini akajitolea kuweka 15,000 kwenye fainali ya msimu. Maze! Hiyo ni kodi ya bedsita miezi miwili mitaa mingine ya Eastlands. Wiki hiyo hiyo grupu likawa kama mahakama ya kadhi, chifu na Bunge kwa pamoja. Kila aliyefungwa alikuja na skrinishoti. "Huyu anatumia haki." Tunaandika hivyo, haki, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie hewani, na kwa hivyo katika ligi yetu mtu akishtakiwa kwa kutumia haki ujue ni mwizi. Nimeshawahi kujaribu kueleza hili kwa mamangu. Alinyamaza kidogo akauliza kama hiyo ndiyo kazi nilisomea.

Si kwamba wizi ulikuwa kitu kigeni kwetu. Sisi ni watoto wa mwakenya, kile kikaratasi cha majibu kilichokunjwa hadi kikawa kidogo kuliko kidole gumba. Tulikuwa shuleni serikali ilipoleta makontena ya mitihani yenye kufuli mbili, na mwaka wa 2016 A za KCSE zikawa 141 nchi nzima. Tunajua jinsi wizi unavyoonekana ukiwa ndani ya chumba. Unajua nani alisoma na nani hakusoma, na matokeo yakitoka unajua. Kwenye mchezo wa mtandaoni hujui. Huoni mikono ya mtu. Unaona tu kwamba umekufa.

Wa kwanza tuliyemnasa kweli hakuwa hata na programu ya ajabu. Alikuwa anacheza kwa emuleta, ile programu inayofanya kompyuta ijifanye simu. Sisi wengine tunalenga kwa kidole gumba chenye jasho, yeye analenga kwa mausi juu ya meza. Michezo mingi ina njia ya kugundua emuleta na kuwakutanisha wenye emuleta wenyewe kwa wenyewe, lakini yeye alikuwa amelipia programu ndogo ya kuficha hiyo alama. Kilichomwuza ni shingo. Mtu wa simu akitaka kugeuka nyuma lazima asugue skrini mara mbili, tatu. Yeye aligeuka mara moja, pap, na risasi ikamfikia mtu kichwani. Tulipomwuliza akasema kila mtu anafanya. Tukamwambia atupe jina la hata mmoja. Akatoka kwenye grupu.

Nikaanza kusoma, usiku wa manane, jinsi wakubwa wanavyopambana na haya mambo. Na ni vita vya zamani. Valve walitoa mfumo wao wa kunasa wezi, VAC, mwaka wa 2002, na hadi leo kazi yake haijaisha. Kimsingi mifumo kama hiyo ilifanya kazi kama kijana wa chanjo: inajua sura ya ugonjwa unaojulikana na kuutafuta kwenye kompyuta yako. Mwenye kutengeneza wizi anabadilisha sura, nao wanaitafuta sura mpya. Ujanja mmoja wa Valve nilioupenda ni kutokuwa na haraka. Wakikujua leo hawakufungii leo. Wanaweza kungoja wiki kadhaa kisha wanafagia wengi kwa siku moja, ili muuzaji asijue ni kosa gani hasa lililomwumbua.

Mwaka wa 2023 walifanya kitu kitamu zaidi kwenye Dota 2. Waliweka ndani ya mchezo sehemu ya data ambayo mchezo wenyewe, ukichezwa kawaida, hauisomi kamwe. Hakuna mchezaji halali angeigusa. Programu za wizi tu, ambazo kazi yake ni kupekua kila pembe, ndizo zingeifungua. Ni kama mama aliyeweka sukari kwenye kopo limeandikwa chumvi, halafu akakaa kungoja nani atakuja na mdomo wenye chembechembe. Akaunti zaidi ya 40,000 zikafungwa.

Wengine walichagua rungu. Riot walipotoa Valorant mwaka wa 2020 waliileta pamoja na Vanguard, programu inayokaa kwenye kerneli, yaani kile chumba cha ndani kabisa cha kompyuta, na inaanza kazi tangu unapowasha mashine, hata kama leo hutaki kucheza. Wanasema wezi wenyewe waliingia huko ndani kwanza, na ni kweli waliingia. Lakini mimi nikiwaza Vanguard nawaza soja wa ploti yetu. Ni mtu mzuri. Anafungua geti, anajua magari. Sasa fikiria landlodi aje aseme, kwa usalama wako, soja atakuwa na ufunguo wa chumba chako cha kulala na atakuwa humo kabla hujaamka. Labda wizi utapungua. Mimi ningehama.

Kitu ambacho Riot walifanya na ambacho ninakiheshimu zaidi ni kile cha kwenye seva. Waliufanya mchezo usikutumie habari ya adui hadi pale anapokaribia kuonekana. Kama simu au kompyuta haijui jamaa yuko wapi, basi hakuna cha kuiba. Ukuta unakuwa ukuta. Shida ni kwamba hesabu hiyo inategemea umbali wako na seva. Aliye mbali lazima atumiwe habari mapema kidogo, la sivyo adui atamtokea kama jini. Na sisi wa Nairobi kwa seva nyingi ni watu wa mbali. Siku nzuri kwangu pingi ni milisekunde 140. Siku ya mvua, acha tu.

Usidhani pia ni watoto wanacheza tu. Mwaka wa 2018 kule Shanghai, kwenye mashindano ya Counter-Strike ya kukutana ana kwa ana, mchezaji wa OpTic India anayejulikana kama forsaken alinaswa na programu ya kulenga kwenye kompyuta ya mashindano yenyewe, mbele ya watu. Faili aliipa jina word.exe, kana kwamba anaandika barua ya kuomba kazi. Msimamizi alipomjia alijaribu kuifuta. Timu nzima ilivunjwa. Na mwaka wa 2021 polisi wa Kunshan, China, wakisaidiana na Tencent, walivamia genge lililokuwa likiuza programu za wizi kwa kulipia kama vile unavyolipia Netflix, na mali iliyokamatwa, yakiwemo magari ya kifahari, ilithaminiwa dola milioni 46. Korea Kusini wao wana sheria kabisa: kutengeneza na kusambaza vitu hivi ni jinai. Kuna watu wananunua magari kwa sababu wewe hutaki kufungwa na mtu anayekuzidi.

Sasa nirudi kwa 15,000.

Msimu huo kijana mmoja wa Kayole, miaka 17, alishinda mechi 7 mfululizo. Hakuna mtu alikuwa amewahi kufanya hivyo. Hakuongea kwenye grupu, hakutuma stika, alikuja, akashinda, akatoka. Ukimya huo nadhani ndio uliowaudhi watu kuliko ushindi. Baada ya mechi ya saba zikaja klipu 3, na ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya. Ndani yake kijana anaelekeza bunduki kwenye ukuta mtupu, anangoja, sekunde moja, mbili, na adui anatokea palepale bunduki ilipoelekea. Anampiga. Adui anarudi nyuma ya ukuta, na anafia hapo, nyuma ya ukuta, ambapo risasi haifai kufika.

Marefa wawili walitaka atolewe usiku huohuo. "Buda, hiyo inahitaji nini tena? Risasi imepita kwa mawe!" Wa tatu akasema tungoje. Mimi niliitazama klipu ile mara nyingi hadi nikaota nayo.

Ile risasi ya kupita mawe ina maelezo, na si ya wizi. Michezo mingi ya aina hii, unapofyatua, seva inarudisha saa nyuma kidogo kuuliza: huyu alipobonyeza, kwenye skrini yake yeye, adui alikuwa wapi? Kama alikuwa wazi, risasi inahesabika, hata kama kwenye skrini ya adui ameshajificha. Bila hivyo mtu mwenye pingi kubwa hangepata mtu yeyote kamwe. Lakini gharama yake ni hii, kwamba kadiri unavyokuwa na intaneti mbovu ndivyo unavyofanana na mwizi machoni pa mtu unayemwua. Mwenye faiba ya Kileleshwa anamwona mwenye bando ya 20 bob kama mchawi.

Kulenga ukuta mtupu ni jambo gumu zaidi. Niliweka klipu kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti. Kuna nyayo. Ndogo sana, upande wa kushoto, zikapanda ngazi, zikasimama. Mtu anayesikiliza angejua. Lakini mtu anayeona kupitia ukuta pia angelenga hivyohivyo, na nyayo zingekuwepo tu. Ushahidi uleule unamtetea na kumfunga.

Kanuni yetu ilisema mchezaji akishukiwa acheze akijirekodi mikono. Nilimpigia.

"Nitarekodi na nini?" akaniuliza. "Simu ni moja. Na si yangu, ni ya siz."

Sikuwa na jibu. Sisi wanne tulioandika ile kanuni, kila mmoja wetu ana simu ya pili kwenye droo. Nikamtumia 200 ya nauli, nikamwambia aje Jumapili kwenye duka la michezo la rafiki yetu, Donholm. Alikuja na dadake, mwenye simu. Dada hakuketi. Alisimama karibu na mlango na mkoba wake kifuani, akaniuliza, "Ni wewe unasema huyu ni mwizi?" Nikamwambia mimi sijasema. "Lakini umemwita." Nikakubali kwamba nimemwita.

Kijana akaomba kwanza kiti cha karibu na soketi kwa sababu betri haikai. Alicheza na yule refa aliyetaka atolewe, mechi 5. Anashika simu kwa vidole vinne, vile viwili vya juu vimepinda kama kucha za kuku, na earphone moja tu ndiyo inafanya kazi kwa hivyo anaigeuza kichwa kidogo kama mzee anayesikiliza habari za redio. Alishinda 4. Ile moja aliyofungwa simu ilikuwa imepata moto hadi picha inaruka. Refa mwenzangu aliweka simu yake chini, akamwangalia, akasema, "Wewe kijana, wewe ni noma." Nilidhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza, kwa sababu kanuni ilisema pia simu ikaguliwe. Na ndani ya simu tukakuta programu ya kushusha picha. Si ya kuona ukuta wala ya kulenga. Kazi yake ni kulazimisha mchezo uchore nyasi chache, vivuli vichache, rangi hafifu, ili simu ya bei ya chini iweze kuuendesha bila kukwama. Kijana hakuificha hata. "Bila hiyo haifunguki," alisema. "Inafunguka halafu inajizima." Tukajaribu. Ikafunguka, ikajizima.

Kampuni yenye mchezo inakataza programu yoyote ya nje inayougusa mchezo wao. Na nawaelewa, kwa sababu nyasi zikipungua, aliyelala kwenye nyasi anaonekana. Kuna faida pale, ndogo, lakini ipo. Kwa sheria yao kijana ni mwizi sawa na yule wa emuleta. Kwa macho yangu yule wa emuleta alinunua mguu wa tatu na huyu alikuwa anajitafutia kiatu. Lakini refa hapewi filimbi ili apulizie macho yake. Tulibishana hapo dukani hadi saa mbili usiku, dada akiwa bado amesimama. Tulipiga kura, 2 kwa 2.

Mwenye duka, ambaye hakuwa na kura, ndiye aliyesema kwamba kama shida ni simu basi ondoeni simu. Akatoa 4 za kwake, zinazofanana, na tukaicheza fainali ya msimu papo hapo dukani wiki iliyofuata, wachezaji wanne wa mwisho, wameketi bega kwa bega. Kijana wa Kayole akawa wa pili. Alifungwa na dada mmoja wa Rongai ambaye tangu mwanzo hakuwa ametuma skrinishoti hata moja. Hiyo sehemu huwa napenda kuisimulia.

Miezi miwili baadaye kampuni ikamfungia. Miaka 10. Akiwa na 27 ndipo atarudi kucheza mchezo ambao huenda hautakuwepo. Sababu iliyoandikwa ni programu ya nje, basi. Alikata rufaa, nikamsaidia kuandika kwa Kiingereza kizuri, nikaeleza habari ya simu kujizima. Jibu likaja kwa chini ya dakika moja, na hakuna binadamu anayesoma kurasa mbili kwa chini ya dakika moja. Walikuwa wamefunga akaunti na simu pia, yaani chombo chenyewe, mtu yeyote asiingie kupitia hapo. Dada hachezi, hajali. Alijali alipotaka kuiuza. Alipoipeleka Luthuli, kijana wa pale alifungua mchezo kwanza kabla hata ya kuangalia kamera, akaona ule ujumbe mwekundu, akamrudishia. "Hii imefungiwa, siz. Wateja wangu ni vijana wa gemu." Aliishia kuiuza kwa nusu ya bei aliyotaka.

Najua hoja ya upande wa pili, huwa naitoa mwenyewe nikikasirika. Kampuni ina wachezaji mamilioni, haiwezi kumkalisha kila mmoja kwenye kiti cha Donholm karibu na soketi. Wakifungia chombo, mwizi hawezi kufungua akaunti nyingine dakika inayofuata. Na hakuna mtu anayechukia wezi kunishinda. Nimepoteza Jumamosi nyingi kwa sababu yao, nimeona watu wazuri wakiacha ligi kwa sababu hawaamini tena hata ushindi wao wenyewe. Lakini ile sheria inadhani simu moja ni mtu mmoja, na kwamba simu iliyofungwa imekaa na mkosaji wake. Nairobi simu ina maisha marefu kuliko hayo. Ilikuwa ya mtu Dubai, ikawa ya mtu Luthuli, ikawa ya siz, kesho ni ya mtoto wa jirani.

Tulibadilisha kanuni. Fainali zote ni za ana kwa ana, simu ni za duka, nauli tunatoa kwenye ile 400 ya marefa, kwa hivyo sasa bando najilipia. Programu ya kushusha picha inaruhusiwa kwetu ukiitangaza mapema. Wachezaji 3 walitoka wakisema tumekuwa laini. Sawa.

Na kijana tulimpa kazi. Hawezi kucheza, lakini klipu anaweza kutazama, kwa simu yoyote. Ameshatupatia wezi 2 wa kweli, mmoja kwa kuona kwamba mshale wake wa kulenga ulikuwa ukimfuata adui hata adui alipokuwa kimya kabisa chini ya sakafu. Jumamosi iliyopita ikaja klipu nyingine, ya mtu mgeni kutoka Nakuru, amelenga mlango uliofungwa, akangoja, mlango ukafunguka. Marefa watatu wakaandika "mwizi" ndani ya dakika tano. Kijana akaandika kwamba klipu haina sauti, aliyeituma aitume tena ikiwa na sauti. Hajaituma bado. Nimeacha kesi wazi, na 2,000 ya mshindi ingali kwenye M-Pesa yangu.